Urithi utokao kwa mama peke yake

Msomaji mpenzi, bila shaka umewahi kwenda kumtazama mtoto mchanga. Ukifika tu, hata kabla hujakaribishwa kiti, utakuta ubishi umekwisha kuanza sebuleni. Huyu atasema pua ni ya baba. Yule atasema paji la uso ni la babu mtupu. Shangazi naye atashikilia kwamba masikio yale ni ya ukoo wao, hata kama mtoto mwenyewe amefunikwa shali hadi kidevuni. Upande wa mama nao haukubali kushindwa. Watadai macho, watadai vidole, na wakikosa kabisa cha kudai, watadai usingizi.

Ubishi huo ni mtamu na haumdhuru mtu. Tena una ukweli ndani yake, kwa maana mtoto hurithi kwa baba na kwa mama. Lakini upo urithi mmoja ambao hakuna mgeni awezaye kuuona usoni mwa mtoto, na ambao baba, hata awe nani, hana fungu ndani yake. Mtoto huupata kwa mama peke yake. Mama naye aliupata kwa mama yake, na huyo kwa mama yake, hivyo hivyo mpaka huko tusikokujua. Wahenga walisema mwana akibebwa hutazama kisogo cha nina. Sidhani kama waliwahi kuchungulia ndani ya darubini, lakini katika jambo hili walinena kweli kuliko walivyodhani.

Nimetaka tuzungumze juu ya urithi huo leo kwa sababu umeigusa nyumba ya mama yangu, na kwa sababu naamini zipo nyumba nyingine, za mjini na za mashambani, ambazo umezigusa bila wenyewe kujua ni nini kilichowapata.

MEKO YALIYO NJE YA KIINI

Wanafunzi wa sekondari wataniwia radhi nikianza na yale wanayoyajua. Mwili wetu umejengwa kwa seli. Karibu kila seli ina kiini, na ndani ya kiini mna kromosomu 46. Kati ya hizo, 23 zilitoka kwa baba na 23 kwa mama. Humo ndimo zilimo jeni takriban 20,000 ambazo zina neno katika kimo chetu, rangi yetu na mambo mengine mengi. Hayo ndiyo tunayofundishwa darasani, na wengi wetu huondoka shuleni tukidhani habari ya urithi imekwishia hapo.

La hasha, haikuishia hapo. Nje ya kiini, katika ute unaoijaza seli, mna vijumba vidogo sana viitwavyo mitokondria. Seli moja huweza kuwa na mamia ya vijumba hivyo, hata maelfu. Kazi yake ni kama kazi ya meko nyumbani. Chakula tulacho na oksijeni tuivutayo hukutanishwa humo, na nguvu itokayo ndiyo inayotuwezesha kutembea, kufikiri, kusikia, na hata kushika gazeti hili. Nyumba ambayo jikoni hakuwaki moto hulala njaa hata kama sebule yake ni ya kifahari.

Ajabu ni kwamba meko haya yana maandishi yake yenyewe ya urithi, yaani DNA yake, mbali kabisa na ile iliyomo katika kromosomu. Margit Nass na Sylvan Nass waliieleza DNA hiyo mwaka 1963 walipokuwa wakifanya kazi Stockholm, Uswidi. Mwaka 1981 wataalamu wa Cambridge, Uingereza, wakamaliza kuisoma yote, herufi kwa herufi. Ina herufi 16,569 na jeni 37 tu. Ukiilinganisha na herufi zipatazo bilioni tatu zilizomo ndani ya kiini, ni kama kikaratasi kilichobandikwa ukutani jikoni ilhali maktaba nzima iko sebuleni. Hata hivyo, kikaratasi hicho kikiwa na kasoro, moto hauwaki sawasawa.

Kwa nini basi kitoke kwa mama peke yake? Yai la mama ni seli kubwa iliyosheheni mitokondria. Yai moja huwa na nakala zaidi ya laki moja za maandishi hayo. Mbegu ya baba, kwa upande wake, huja kama tarishi aliyebeba bahasha. Ndani ya bahasha mna kromosomu zake 23, zimetimia. Anazo mitokondria chache za kumpa nguvu za safari, lakini akishaingia ndani ya yai, hizo hutiwa alama na kuharibiwa. Bahasha hupokewa kwa heshima zote, ila tarishi haruhusiwi kuwasha moto wake katika nyumba ile.

Kwa hiyo mimi na ndugu zangu, wa kiume kwa wa kike, sote tuna meko ya mama yetu. Dada zangu wamewapa watoto wao meko hayo. Mimi sikuwapa wangu. Watoto wangu wawili wana meko ya mama yao, ambayo ni meko ya mama mkwe wangu. Nilipomweleza mama mkwe habari hii alicheka hadi akashika mbavu, akasema yeye ameyajua hayo tangu zamani, na kwamba alikuwa akiningoja tu nimalize kusoma.

Jambo hili la urithi kumfuata mama lilianza kuonekana hata kabla watu hawajajua DNA ni kitu gani, na lilionekana kwanza katika mimea. Mwaka 1909 Mjerumani Carl Correns alikuwa akichunguza mmea uitwao Mirabilis jalapa, yale maua ya bustani yanayofunguka alasiri jua linapoanza kupoa. Baadhi ya mimea yake ilikuwa na matawi ya majani ya kijani, matawi ya majani meupe, na matawi ya majani yenye mabaka. Correns alichukua chavua ya tawi moja akaipeleka kwenye ua la tawi jingine, akangoja mbegu. Aligundua kuwa chavua haikuwa na neno. Mbegu kutoka ua la tawi la kijani ilitoa mche wa kijani, hata kama chavua ilitoka kwa tawi jeupe. Mbegu ya tawi jeupe ilitoa mche mweupe, ambao ulikufa upesi kwa kuwa haukuweza kujitengenezea chakula. Ile ya tawi la mabaka ilitoa michanganyiko. Leo tunajua kwamba mimea ina vijumba vingine vyenye DNA yake, viitwavyo kloroplasti, na katika mmea ule vilipitia upande wa kike.

MSTARI WA AKINA MAMA

Sasa niruhusu nikupeleke nyumbani kwa mama.

Nyanya yangu mzaa mama alijaliwa watoto watano, wa kike watatu na wa kiume wawili. Mjomba wangu mkubwa aliugua kifua kikuu katika miaka ya 1970. Wakati huo dawa iliyotegemewa sana ilikuwa sindano ya streptomaisini, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1943. Ilikuwa miongoni mwa dawa zilizotumiwa katika majaribio makubwa yaliyofanywa hapa Afrika Mashariki katika miaka hiyo hiyo ya 1970, ambayo yalisaidia kufupisha tiba ya kifua kikuu hadi miezi sita. Dawa ile iliwaokoa watu wengi sana, na mjomba ni mmoja wao. Kifua kilipona. Masikio ndiyo yaliyobaki wodini. Alirudi nyumbani akiwa hasikii hata kengele ya kanisa, na watu wakasema ni homa iliyompanda kichwani. Sisi watoto tulikua tukimjua kama mjomba wa kuandikiwa. Ukiwa na neno naye, unaandika kwa kijiti mchangani, naye anakujibu kwa sauti inayosikika hadi ng'ambo ya mto.

Miaka mingi ikapita. Ikasikika kwamba mdogo wake nyanya, aliyeolewa mbali, naye alipoteza masikio baada ya kulazwa hospitalini. Habari hiyo ilitufikia matangani, ikazungumzwa pamoja na bei ya mbolea, ikasahauliwa. Hakuna aliyeiunganisha na mjomba.

Kisha binti ya mama mkubwa, ambaye kwa desturi zetu ni dada yangu, akajifungua mtoto wa kiume. Siku ya tatu mtoto alishikwa na homa kali. Madaktari walisema bakteria wameingia katika damu, wakamdunga jentamaisini pamoja na dawa nyingine. Mtoto akapona, tukamshukuru Mungu. Alipofikia miezi minane hivi, dada akaanza kuona kwamba mlango ukibamizwa kwa upepo, mtoto hashtuki. Siku moja alichukua sufuria na mwiko, akasimama nyuma yake akapiga. Mtoto aliendelea kuchezea kifuniko chake cha chupa kana kwamba yuko peke yake duniani.

Yaliyofuata, msomaji, huenda umewahi kuyaona kwa jirani. Wakwe waliitisha kikao. Niliitwa nikae kama ndugu wa kiume, kwa kuwa baba yake dada alikuwa amekwisha kufariki. Mzee mmoja alisema, kwa upole kabisa huku akisugua mpini wa fimbo yake, kwamba katika ukoo wao hakujapata kuwa na kiziwi tangu wakumbuke. Hakumtazama dada aliposema hivyo, wala hakuhitaji kumtazama. Mama mkwe wake hakuzunguka mbuyu. Alisema walioa nyumba yenye mkosi na hawakuambiwa. Ilinong'onwa habari ya mganga, ikanong'onwa pia habari ya mke wa pili. Dada alikuwa ameketi mkekani, mtoto mapajani, na usoni mwake niliona jambo lililonitia hofu kuliko maneno yote ya wazee. Alikuwa ameanza kuyasadiki.

Shemeji yangu, na sifa hizi zimwendee, alikataa lolote lisiamuliwe kabla ya mtoto kuonwa na daktari wa masikio.

Daktari alimpima mtoto, akathibitisha kwamba hasikii. Lakini hakuishia hapo. Alimuuliza dada swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuuliza katika nyumba yetu. Je, kwenu yuko mtu mwingine aliyepoteza masikio baada ya kudungwa sindano? Dada akamtaja mjomba. Daktari akavuta karatasi, akaanza kuchora duara kwa kila mwanamke na mraba kwa kila mwanamume. Akamwomba apige simu nyumbani. Mama mkubwa, aliyekuwa shambani akipalilia, ndiye aliyemkumbuka mdogo wake nyanya. Karatasi ilipojaa, alama zote tatu zilikuwa zimening'inia kwenye kamba moja, kamba ya akina mama, kuanzia kwa mama yake nyanya kushuka chini.

KOSA LA HERUFI MOJA

Daktari alitueleza kwamba mwaka 1993 jarida la kisayansi la Nature Genetics lilichapisha uchunguzi uliofanywa juu ya koo kadhaa, zikiwemo za Uchina, ambazo watu wake walikuwa wakipoteza masikio kwa mstari wa mama, wengine wao baada ya kutumia dawa za aina hii. Watafiti walikuta herufi moja imebadilika katika kikaratasi kile cha mitokondria, herufi iliyo katika nafasi ya 1555. Mwaka 1997 wataalamu wa Afrika Kusini nao walieleza habari za ukoo mmoja wa huko ambao streptomaisini ilikuwa ikiwapotezea masikio kwa mtindo huo huo.

Inakuwaje dawa ya kuua bakteria ishambulie meko yetu? Hapa ndipo penye ajabu. Wataalamu wanakubaliana kwamba mitokondria zenyewe, zamani zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, zilikuwa bakteria waliojitegemea, wakaingia ndani ya seli nyingine na kuhamia humo moja kwa moja. Mwanasayansi Lynn Margulis wa Marekani aliitetea hoja hiyo katika makala yake ya mwaka 1967, wakati ambapo wengi waliidharau. Streptomaisini na jentamaisini hufanya kazi kwa kuziba kiwanda cha bakteria cha kutengenezea protini. Kiwanda cha mitokondria zetu kinafanana na hicho, lakini kimetofautiana nacho kiasi cha kutosha kumwokoa mtu wa kawaida. Herufi ile moja ikibadilika, tofauti hupungua, na dawa hulidhania jiko letu kuwa ni adui. Seli zinazoumia zaidi ni zile za ndani ya sikio zinazopokea sauti, nazo zikifa hazioti tena.

Daktari hakuapa. Alisema dawa hizi zaweza kudhuru masikio ya mtu yeyote, hasa zikizidi kipimo au zikitumiwa kwa muda mrefu. Lakini mtoto wetu alipewa kipimo cha kawaida kwa siku chache, na kamba ile ya akina mama ilikuwa wazi mno. Alisema pia kwamba wapo wenye herufi hiyo wanaoishi hadi uzee bila tatizo lolote. Kisha akaandika kwa wino mwekundu kwenye kadi ya mtoto na kwenye kitabu cha hospitali cha dada, kwamba watu wa mstari huu wasidungwe dawa za jamii hiyo kabla daktari hajaambiwa na kupima kama ipo nyingine ya kufaa.

Shemeji alirudi na karatasi ile kwenye kikao cha pili. Yule mzee wa fimbo aliitazama kwa muda mrefu, akauliza swali ambalo nadhani kila msomaji angeliuliza: kwa hiyo imetoka kwao?

Naam, imetoka kwetu. Kukana hakutusaidii. Lakini kutoka kwa mtu si sawa na kutendwa na mtu. Dada hakuichagua herufi ile, wala mama yake hakuichagua. Kila mmoja aliipokea akiwa tumboni kabla hajawa na jina. Nilimkumbusha mzee kwamba hata jinsia ya mtoto huamuliwa na mbegu ya baba, na bado katika vijiji vyetu wako wanawake waliofukuzwa kwa kuzaa wasichana watupu. Kama tungekuwa tukitoza faini kwa kila kinachorithiwa, hakuna mzee angebaki na mbuzi.

Watu wetu husema pia kwamba damu ya ukoo fulani ni mbaya. Hapo nina neno. Seli nyekundu, zile zinazoipa damu rangi yake, hazina kiini wala hazina mitokondria. Hazibebi urithi wowote. Damu tunayoisingizia kila siku, kwa sehemu yake iliyo nyekundu, ni mchukuzi tu wa oksijeni.

URITHI UNAOOLEWA

Katika kuitazama karatasi ile niliona jambo ambalo halijaniondoka moyoni hadi leo. Watoto wa mjomba, wanaobeba jina la ukoo wetu, hawamo katika kamba ile, kwa sababu mjomba hakuweza kuwapa meko yake. Wao wana meko ya mama yao. Lakini mtoto wa dada, anayebeba jina la ukoo mwingine kabisa, yumo. Binti za mama mdogo, walioolewa kaunti tatu tofauti, wamo. Wajukuu wa mdogo wake nyanya, ambao sikuwahi hata kuwaona, wamo.

Fikiri maana yake. Sisi huhesabu ukoo kwa baba. Nasaba tunayoikariri matangani ni ya akina baba. Urithi huu haufuati nasaba hiyo. Kila kizazi huolewa, hubadili jina, huhamia nyumba nyingine na kuanza upya mahali ambapo hakuna anayekijua kisa chake. Ndiyo maana habari za mdogo wake nyanya zilitufikia zikiwa zimechoka. Binti akishaolewa, tunaandika mahari katika daftari na kumfuta yeye.

Wako majirani zetu waliowahi kuhesabu kwa njia nyingine. Wadigo wa Pwani walikuwa na desturi ya urithi kufuata upande wa mama, mtu akirithiwa na watoto wa dada yake. Miongoni mwa Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba. Ni desturi nzuri na ninaiheshimu, ila mtoto huyo hupata jina la nyanya yule, hupata na sehemu ya kromosomu zake, lakini meko yake hayapati. Meko yake ni ya nyanya yule mwingine, ambaye jina lake hungoja binti wa pili.

Wala usidhani, msomaji, kwamba mstari huu wa mama hubeba maradhi tu. Umewahi kubeba haki. Nchini Argentina, katika utawala wa kijeshi wa 1976 hadi 1983, maelfu ya watu walitekwa wasionekane tena, wakiwemo wanawake wajawazito. Watoto waliozaliwa kizuizini waligawiwa familia nyingine na kupewa majina mapya. Mwaka 1977 nyanya zao walianzisha chama kilichokuja kuitwa Abuelas de Plaza de Mayo, yaani Nyanya wa Uwanja wa Mei, wakaanza kuwatafuta wajukuu wao. Lakini utamtambuaje mjukuu ambaye hukuwahi kumwona, na wazazi wake wamekwisha kuuawa? Nyanya hao waliwaendea wanasayansi. Mtaalamu wa jenetiki kutoka Marekani, Mary-Claire King, alikwenda kuwasaidia mwaka 1984, na baadaye DNA ya mitokondria ikawa chombo chao kikubwa. Nyanya mzaa mama na mjukuu wake wana kikaratasi kile kile, hata kama mama aliyekuwa kati yao hayupo tena kutoa ushahidi. Hadi sasa zaidi ya wajukuu 130 wametambuliwa, kwa uchunguzi wa aina hii pamoja na mwingine.

Ukiifuata kamba hiyo nyuma zaidi, itakufikisha mbali kuliko Argentina. Mwaka 1987 Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichunguza DNA ya mitokondria ya watu 147 wa sehemu mbalimbali za dunia, wakitumia hasa kondo la nyuma lililotolewa na akina mama baada ya kujifungua. Walihitimisha kwamba sisi sote, Mzungu, Mchina na Mkenya, tukiufuata mstari wa mama tupu, tunafikia mwanamke mmoja aliyeishi takriban miaka 200,000 iliyopita, yamkini hapa Afrika. Hakuwa mwanamke pekee wa siku zake. Wenzake walikuwepo, ila mistari yao ilikatika mahali fulani, pengine pale ambapo mama alizaa wana wa kiume watupu. Meko yake yeye ndiyo yaliyofika hadi kwetu bila kuzimika.

TUFANYE NINI?

Wenzetu walioendelea katika maabara wanatafuta njia zao. Mwaka 2015 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuruhusu mama mwenye mitokondria zenye kasoro kubwa asaidiwe kwa yai la mwanamke mwingine, hivi kwamba mtoto apate kromosomu za wazazi wake na mitokondria za yule mfadhili. Mwezi wa Julai 2025 madaktari wa Newcastle walitangaza kuzaliwa kwa watoto wanane kwa njia hiyo. Huko Manchester nako, mwaka 2022, ilitangazwa mashine ya kupima mtoto mchanga herufi ile ya 1555 kwa muda wa dakika 26 tu, kabla hajadungwa.

Ni kazi ya kusifiwa. Lakini mimi na wewe tunaweza kuanza na karatasi na kalamu. Daktari wa dada yangu hakutumia kitu kingine kuiona kamba yetu.

Leo ni Jumapili. Mpigie mama simu, au umkalie karibu kama mnaishi pamoja. Muulize juu ya mama yake, dada za mama yake, na watoto wa dada hao popote walikoolewa. Uliza nani alipoteza masikio na ilikuwa baada ya nini. Uliza nani alipofuka ghafla ujanani, kwa maana yapo maradhi ya macho yanayopitia njia hii hii. Andika majina na miaka. Kisha mpe nakala kila binti wa mstari huo, hasa aliyeolewa mbali, kwa sababu yeye ndiye anayekipeleka kikaratasi mbele.

Ukimpeleka mtoto hospitalini, usikatae dawa. Jentamaisini huokoa roho za watoto wachanga kila siku, na mtoto asiyesikia ni bora mara elfu kuliko kaburi. Sema tu, kwa sauti na kabla ya sindano: katika upande wa mama wa mtoto huyu wako waliopoteza masikio kwa dawa hizi. Daktari mwenye busara hatakukasirikia. Atakuuliza zaidi.

Na ukikaa katika kikao cha wakwe, ukasikia neno mkosi likitajwa, omba ruhusa uulize ni nani aliyekwenda kwa daktari.

Kwa wale watakaotaka kujua, ndoa ya dada haikuvunjika. Mtoto yuko katika shule ya viziwi, anajifunza lugha ya ishara ya Kenya, ambayo hata katiba yetu ya 2010 imeitaja. Mama mkwe wake dada alichukua muda kukubali, na hajawahi kusema samahani. Lakini mwezi uliopita dada aliniambia kwamba kikongwe huyo amejifunza ishara tatu: njoo, kula, na mjukuu wangu. Mwaka jana pia dada alijifungua tena, mtoto wa kike. Kabla hajatoka wodini alimwonyesha muuguzi ile kadi ya wino mwekundu.

Binti huyo anasikia vizuri. Kikaratasi anacho. Akikua tutamweleza.